Kufungua msikiti Uingereza: mwongozo kamili, kuanzia ukumbi wa kukodi mpaka jengo lenu wenyewe

Assalaam alaykum ndugu zangu na dada zangu. Naandika haya kwasababu simu zimekuwa nyingi, Waswahili wenzetu wa miji tofauti hapa Uingereza wameshafika familia thelathini arobaini mahali pamoja, wamechoka kuswali Ijumaa kwenye vyumba vya watu, na swali la kwanza siku zote ni lile lile, tutapata wapi jengo. Jengo liacheni kwanza. Nimekaa kwenye kamati miaka mingi na nilichokiona ni kwamba msikiti haushindwi kwa kukosa kuba, unashindwa kwenye mambo matatu ambayo watu huyafikiria mwisho kabisa, maji ya udhu, mahali pa wanawake, na majirani. Hayo matatu mkiyaweka mbele mengine yote yanafuata.

Nitakayosema ya sheria ni ya England hasa, na mengi ni ya Wales pia. Walioko Scotland na Northern Ireland wana ofisi zao na makundi yao ya majengo, kwahiyo waulize huko huko kabla ya kusaini chochote.

Na msikate tamaa mkianza wadogo, maana wote walianza hivo. Liverpool, Abdullah Quilliam, Muingereza aliyesilimu, na wenzake walifungua msikiti ndani ya nyumba ya kawaida ya Brougham Terrace mwaka 1889, mwaka ule ule msikiti wa Shah Jahan ulipojengwa Woking, na ule wa Woking ndio wa kwanza nchi hii kujengwa kwa nia ya kuwa msikiti. London mashariki waliunda mfuko wa kujenga msikiti mwaka 1910, wakakodi kumbi za kuswalia miaka na miaka, 1941 wakafungua kwenye nyumba za Commercial Road, na jengo lile kubwa la Whitechapel Road mnaloliona leo ni la 1985. Hesabuni wenyewe, ni miaka 75. Nyinyi hamtachukua hiyo yote inshaallah, lakini mjue mnaingia kwenye kazi ya namna gani.

Hatua ya kwanza: watu na saa

Kodini ukumbi. Ukumbi wa jamii wa mtaa au wa shule, saa moja na nusu kila Ijumaa, mkataba wa maandishi, basi. Chukueni daftari muandike kila wiki wamekuja wangapi, wanaume, wanawake, watoto, waliokuja kwa gari na walioegesha wapi. Fanyeni hivo mwaka mzima bila kuruka. Hilo daftari mtakuja kulishukuru mkifika kwa watu wa mipango ya majengo wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, maana watawauliza idadi na nyinyi mtatoa idadi ya kweli badala ya kukisia.

Sasa saa. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea Magharibi haitoki kwenye saa kumi na mbili na kidogo mwaka mzima, huku sivyo kabisa. London mwezi wa Disemba jua linazama saa kumi kasoro dakika nane jioni, na mwezi wa Juni linazama saa tatu na dakika ishirini usiku. Maana yake nini kwa anayekodi ukumbi? Disemba Adhuhuri inaingia kama saa sita mchana na Alasiri inaingia kabla ya saa nane kasorobo, lakini Juni Adhuhuri yenyewe haijaingia mpaka saa saba imepita. Kwahiyo mkikodi muda mmoja wa mwaka mzima kuna msimu mtabanwa. Ombeni mkataba wenye ratiba mbili, ya baridi khutba ianze kama saa sita na nusu na ya joto kama saa saba na nusu, na zibadilike Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, siku zile zile nchi nzima inapobadilisha saa. Ukipitwa na siku ya kubadilisha utakuta watu wamesimama nje kwenye mvua.

La Isha ndilo linaloleta ugomvi. Kuanzia karibu na mwisho wa Mei mpaka karibu na mwisho wa Julai, London jua halishuki digrii 18 chini ya upeo wa macho usiku kucha, yaani ile alama wanayoitumia wengi kuhesabu Isha na Alfajiri haitokei, na ukipanda kaskazini hali ni hiyo kwa muda mrefu zaidi. Wanazuoni wana njia zao, wengine wanagawa usiku mafungu saba, wengine wanachukua siku ya mwisho alama ilipoonekana, wengine wanajumuisha Magharibi na Isha. Chagueni njia moja pamoja na shehe mnayemuamini, mwezi wa Februari wakati hakuna aliyekasirika, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na ratiba ichapwe. Mkisubiri mpaka Juni mtaligombania saa sita ya usiku watu wana kazi asubuhi.

Hatua ya pili: karatasi kabla ya jengo

Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Najua jamii moja walichanga miaka, wakanunua nyumba, na kwa haraka hati ikaandikwa jina la mzee mmoja muaminifu, na kweli alikuwa muaminifu, hakuna aliyemtilia shaka. Mzee akafariki Allah amrehemu, na nyumba kisheria ikawa mirathi. Watoto wake hawakuwa na nia mbaya lakini walikuwa wengi na kila mmoja ana wakili wake. Ilichukua muda mrefu sana na pesa nyingi, na waliochanga wengine hawakurudi tena. Wakfu wetu kule nyumbani mtu alikuwa anatamka mbele ya mashahidi na mji mzima unajua, huku anayejulikana ni aliyeandikwa kwenye hati.

Kwahiyo sajilini chariti, yaani shirika la hisani. Aina inayofaa misikiti mingi ni ile inayoitwa CIO (Charitable Incorporated Organisation), maana chariti yenyewe inakuwa na uwezo wa kumiliki jengo kwa jina lake, haifi mtu akifa, na wadhamini, yaani wasimamizi wake, hawadaiwi mali zao binafsi chariti ikielemewa na deni. CIO inasajiliwa Charity Commission, ofisi ya serikali inayosimamia chariti, hata kama mna pauni kumi tu. Chariti za aina nyingine England na Wales zinatakiwa kujisajili mapato yakifika £5,000 kwa mwaka. Wadhamini wasipungue watatu, na mimi nasema wawe watano au saba, wasiwe wa ukoo mmoja, na wawepo wanawake tangu siku ya kwanza.

CIO zipo za namna mbili. Moja wadhamini peke yao ndio wanachama, nyingine kuna wanachama wengi wenye kura kwenye mkutano mkuu. Watu huchagua ya kwanza kwasababu ni nyepesi, halafu baada ya miaka kumi vijana wanajikuta hawana njia ya kusema isipokuwa kugombana barazani. Chagueni yenye wanachama, muweke ukomo wa kukaa kwenye kamati, na kijana wa miaka 18 awe na kura sawa na mzee wa 70.

Hatua ya tatu: pesa

Kila mchangaji anayelipa kodi ya mapato Uingereza ajaze fomu ya Gift Aid. £100 yake inakuwa £125, ile 25 inatoka serikalini na yeye haongezi hata senti. Lile boksi la Ijumaa nalo lina mlango wake, sadaka ndogo ndogo za £30 kushuka chini, taslimu au za kugusisha kadi, mnaweza kuzidaia nyongeza bila fomu ya mtu mmoja mmoja mpaka jumla ya £8,000 kwa mwaka, yaani mnapata £2,000 juu yake. Sharti lake ni kwamba muwe mnadai na Gift Aid ya kawaida mwaka huo huo, angalau pauni moja kwa kila kumi za njia hii, na hesabu za kila Ijumaa ziandikwe na watu wawili papo hapo.

Riba tunaikimbia, kwahiyo wengi wananunua kwa michango na kwa mkopo mwema kutoka kwa waumini wenyewe. Mkopo mwema ni mzuri sana lakini uandikwe, nani katoa kiasi gani, anarudishiwa lini, na akifariki alipwe nani. Pia kuna benki za Kiislamu hapa nchini tangu 2004, zina njia za kununua jengo kwa ubia, wakili wenu asome mkataba mstari kwa mstari. Na msisahau, chariti ikinunua jengo kwa kazi zake za hisani inaweza kuomba msamaha wa ile kodi ya kununua jengo. Haiji yenyewe, wakili ndiye anaiomba.

Hatua ya nne: kutafuta jengo

Majengo England yamegawiwa makundi ya matumizi. Tangu Septemba 2020 nyumba ya ibada iko kundi la F1 pamoja na shule, maktaba na makumbusho. Nyumba ya kukaa watu ni C3, duka na ofisi ni E, ghala ni B8, na baa haina kundi, iko peke yake. Mkinunua jengo ambalo haliko F1 mnahitaji kibali cha kubadilisha matumizi, na kibali hicho kinaweza kukataliwa mkabaki na ghala msiloweza kuswalia. Kwahiyo sharti la kupata kibali liwemo ndani ya mkataba wa kununua, yaani mnanunua kibali kikitoka tu.

Kanisa lililofungwa au ukumbi wa kanisa mara nyingi ndio njia rahisi, liko F1 tayari. Lakini soma hati mpaka mwisho, makanisa mengine yanauzwa na sharti la kudumu kwamba jengo lisitumike kwa ibada nyingine, na sharti hilo linamfunga kila atakayenunua baadae. Tena kama jengo limeorodheshwa kama la kihistoria hamtagusa dirisha wala ukuta bila ruhusa nyingine ya pekee. Sioni ubaya wa jengo la zamani, nendeni Brick Lane London mkaone, jengo lile lilijengwa 1743 kama kanisa la wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa, baadae likawa la Wamethodisti, 1898 likawa sinagogi la Wayahudi, na tangu 1976 ni msikiti. Ukutani juu bado ipo saa ya jua na maneno ya Kilatini, na hakuna aliyeona haja ya kuyafuta.

Ghala ni kubwa na bei ni nafuu, na huko hakuna jirani wa kulala, lakini kaunsili nyingi zinalinda maeneo ya viwanda kwa ajili ya ajira, na dada zetu hawapendi kutembea huko usiku wa baridi. Nyumba ya safu ndani ya mtaa iko karibu na watu ila magari yataleta matatizo. Baa iliyofungwa huwa na uwanja wa magari, na mimi naiona ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani.

Kabla ya kupeleka maombi lipeni ada ya ushauri wa awali, mkae na ofisa wa mipango mumuoneshe lile daftari. Kaunsili haiwezi kuwakataa kwasababu ni Waislamu, hiyo siyo hoja ya mipango na haikubaliki. Kinachokataliwa kisheria ni magari, foleni, na kelele za usiku wa manane wakati wa Isha ya Juni na Alfajiri. Basi andikeni mapema, wangapi wanakuja kwa miguu, nani atasimama nje Ijumaa kuelekeza magari, mlango upi utatumika usiku. Mkishapewa kibali someni masharti yake, mengi yana idadi ya watu na saa za kufungua, na Ramadhani iwe imo ndani ya zile saa, maana wapo waliopata kibali cha mpaka saa nne za usiku na tarawehe haijaanza.

Halafu mpelekeni mpima majengo wenu wenyewe, asiwe wa muuzaji. Paa, unyevu, mabomba ya maji machafu, na asbestosi inayodhuru mapafu, maana ilipigwa marufuku kabisa 1999 na jengo lolote la kabla ya hapo linaweza kuwa nayo kwenye dari.

Hatua ya tano: kibla na kupima safu

Sisi watu wa pwani kibla chetu ni kaskazini. Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, zote ziko karibu mstari mmoja na Makka, ndiyo maana kwa wazee wetu neno kibla lilikuwa na maana ya kaskazini yenyewe. Nakumbuka Ijumaa yetu ya kwanza ukumbini mzee wetu mmoja kaingia, katandika mswala wake, kaelekea kaskazini kwa mazoea ya miaka sitini, na kijana akamshika mkono taratibu akamgeuza. Hapa kibla ni kusini mashariki, ukiwa London ni kama digrii 119 kutoka kaskazini ya kweli.

Majengo hayakujengwa kwa hesabu hiyo, kwahiyo safu zitakatiza chumba kwa mshazari na pembe zitapotea. Pimeni kabla ya kutoa bei. Mtu mmoja anachukua kama sentimita 60 kwa upana na mita 1.2 kwa urefu wa kusujudu. Chumba cha mita 8 kwa 10 kibla kikiwa kimenyooka kinatoa safu 8 za watu 13, toa safu moja ya mbele ya imamu, unabaki na watu 91. Chumba hicho hicho kibla kikiwa mshazari utapoteza sehemu kubwa ya pembe zote nne. Chukueni utepe wa rangi muuchore sakafuni siku ya kwenda kuangalia jengo, msikubali kuambiwa linaingia watu mia mbili na mwenye nyumba ambaye alikuwa anapanga viti.

Mlango wa kuingilia uwe nyuma ya safu. Ukiwa mbele kila anayechelewa atapita mbele ya wanaoswali.

Hatua ya sita: maji

Hapa ndipo nnapowaomba msibane pesa. Nendeni Gede au Kilwa mkaangalie misikiti ya wazee wetu, kisima kipo, birika lipo karibu na pa kuingilia, na kwenye sakafu wameweka mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu ili mtu aingie ndani safi na mkavu. Waliyapanga hayo miaka mia kadhaa iliyopita bila bomba. Sisi leo tunaweka mifereji mitatu chini ya ngazi tunashangaa kwanini zulia linanuka.

Piga hesabu hivi. Ijumaa wamekuja 100, nusu hawana udhu, kila mmoja dakika mbili, hizo ni dakika 100 za mfereji. Ukiwa na mifereji 10 watu wamemaliza ndani ya dakika kumi, ukiwa na mitatu itakuchukua zaidi ya nusu saa na khutba imekwisha. Wanawake wawe na yao, yenye mlango wa kufungika na pa kutundika mtandio.

Viti vya kukalia viwe vya kudumu, sakafu iwe ya kigae kisichoteleza na iwe na mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, feni ya kutoa mvuke iwe kubwa maana bila hiyo baridi ya huku inaleta ukungu mweusi ukutani ndani ya mwaka mmoja. Maji ya moto yawe na vali ya kuchanganya ili mzee au mtoto asiungue. Kati ya chumba cha udhu na zulia pawe na nafasi kavu ya kujipangusia, hata mita mbili. Rafu za viatu ziwe nje ya njia ya kutokea.

Na mpira wa kujisafishia chooni, sote tunautaka, lakini usimuachie mtu kuunga tu kwenye bomba la maji ya mtaa. Kanuni za maji za 1999 zinakataza kwasababu maji ya chooni yanaweza kurudi nyuma yakachafua maji ya kunywa. Fundi bomba anayezijua atawawekea tangi dogo lenye nafasi ya hewa, mmalize.

Hatua ya saba: wanawake na watoto

Dada zangu wengi wameniambia jambo moja, kwetu Lamu au Unguja mama alikuwa akiswali nyumbani na hakukosa kitu kwasababu mtaa mzima ulikuwa wa Kiislamu, adhana inasikika jikoni, jirani ni shangazi. Huku jirani hajui Ramadhani imeingia lini. Mama akifungiwa mlango wa msikiti hana pengine pa kwenda, na watoto wake hawana pia. Kwahiyo hii siyo sehemu ya kuijadili mkibakiwa na chumba.

Mlango wake uwe na taa, upande wa barabara, siyo uchochoroni kwenye mapipa ya taka. Amuone imamu au aone safu za mbele, kwa pazia la kimiani au kwa ghorofa ya juu yenye ukingo, maana spika ikikatika wakati wa sijda anayesikia tu hajui wenzake wako wapi. Chumba cha kioo cha wenye watoto wachanga kiwe pembeni, asilazimishwe kila mwanamke kukaa na makelele kwasababu ni mwanamke. Mzee wa kigari cha magurudumu, mwanamume au mwanamke, awe na njia isiyo na ngazi mpaka kwenye udhu. Msikiti wa London mashariki, ule wa 1985, ulifungua jengo zima la wanawake, Maryam Centre, mwaka 2013. Miaka 28 baadae! Nyinyi muanze nalo.

Hatua ya nane: sura ya nje

Sasa tuje kwenye kuba, na mtaona nimeiweka mbali. Mtu akisema msikiti bila mnara siyo msikiti muulize misikiti mingi ya kale ya pwani yetu ilikuwa na mnara gani. Mingi haikuwa nao, muadhini alipanda juu ya paa. Uzuri wao waliuweka ndani, kwenye mihrabu. Ule wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi, ile hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na ukiwa nje hutajua kama ndani kuna kitu kama kile.

Hapa Uingereza kuna mfano ninaoupenda sana, msikiti wa Cambridge uliofunguliwa 2019. Wasanifu wake ni Marks Barfield, wale wale wa London Eye, lile gurudumu kubwa la London. Ndani umeshikwa na nguzo za mbao zinazopanda zikatawanyika juu kama miti, mwanga unashuka kutoka kwenye madirisha ya dari, mbele kuna bustani mtu yeyote wa mtaa anaweza kukaa, matofali ya nje ni ya rangi ya nyumba za Cambridge ila yamepangwa kwa nakshi ya Kikufi. Kuba ipo lakini ndogo, na mnara wa adhana hakuna. Uligharimu kama pauni milioni 23, hatuna, lakini wazo lake ni la bure, jengo linafanana na mji wake na papo hapo linatambulika. Mwambieni msanifu wenu hivo hivo. Mlango mmoja wa Kiswahili wa kuchongwa, ukachongwa vizuri na fundi wa Lamu au Unguja ukaletwa kwa meli, utasema zaidi kuliko kuba ya plastiki juu ya paa la baa.

Adhana ya nje kwa spika ni misikiti michache sana inaruhusiwa, msiiombe mwaka wa kwanza. Misikiti mingi inapeleka adhana majumbani kwa redio ndogo za kupokelea, kuna leseni yake, na wengine wanatumia programu za simu.

Moto na ulinzi, kwa ufupi

Tathmini ya hatari ya moto ni lazima kwa sheria ya 2005, na tangu Oktoba 2023 lazima iwe yote kwa maandishi. Chumba cha zaidi ya watu 60 kinataka milango miwili ya kutokea, inayofunguka kwa nje, na siku ya Idi mlango mmoja usizibwe kwa viatu au masufuria ya biriani. Jengo la watu 200 na zaidi, kuna sheria mpya ya 2025 ya kujiandaa na mashambulizi, itaanza kutumika baada ya muda wa matayarisho, wadhamini waisome. Home Office, wizara ya mambo ya ndani, ina mpango wa kulipia kamera na walinzi wa misikiti, ombeni.

Hatua ya tisa: maisha ndani ya jengo

Madrasa. Kila mwalimu, hata kama ni mjomba wa watoto wote, afanyiwe uchunguzi wa DBS, yaani wa rekodi za makosa ya jinai, darasa liwe na dirisha mlangoni, kiboko hakuna. Khutba iwe ya Kiingereza na muhtasari wa Kiswahili mwishoni, najua inauma, lakini vijana wetu waliozaliwa hapa wanakaa dakika ishirini hawaelewi kitu, halafu tunauliza wamekwenda wapi. Kiswahili wapewe darasa lake la Jumapili, na mashairi, na kaswida za maulidi.

Ndoa. Nikaha peke yake England na Wales serikali haiitambui, na wapo dada zetu waliokuja kugundua hivo siku ya talaka au siku ya msiba. Jengo kwanza lithibitishwe kama nyumba ya ibada kwa sheria ya 1855, halafu lisajiliwe kwa ndoa, ni maombi mawili tofauti. Lile la kwanza linasaidia pia kwenye msamaha wa kodi ya majengo ya biashara. Mpaka hapo mtakapokamilisha, msifungishe nikaha bila kuona tarehe ya ndoa ya serikali.

Janaza. Anzisheni chama cha kuzikana kabla ya msiba wa kwanza. Mchango mdogo wa kila mwezi kwa kaya, akaunti yake peke yake isichanganywe na ya jengo. Orodha iandikwe ya waoshaji, wanaume wanne na wanawake wanne, sanda ziwe kabatini, na tusi la kubebea maiti. Kama hamna chumba cha kuoshea kubalianeni na msikiti mkubwa jirani. Tangu Septemba 2024 kila kifo kisichochunguzwa na coroner, yaani ofisa wa kuchunguza vifo, kinapita kwa daktari mkaguzi kabla ya kusajiliwa, kwahiyo familia ipige simu mapema na iseme wazi kwamba tunazika haraka. Kaunsili nyingine zina msajili wa zamu wikiendi kwa ajili hiyo, namba yake ibandikwe ofisini, pamoja na ya mwenye makaburi.

Hatua ya kumi: majirani

Kabla kibali hakijatoka, kamati igonge milango ishirini ya karibu, mwanamume na mwanamke pamoja, na sahani ya maandazi au visheti. Muwape namba ya simu moja ya kulalamika, na anayeipokea awe mtu mpole. Gari likiziba geti la mtu, tangazo litoke mimbarini kabla ya khutba na mwenye gari atoke. Kila mwaka fungueni milango, kuna siku ya misikiti kupokea wageni nchi nzima iliyoanza 2015, watu waje waone hakuna kilichofichwa.

Mnakumbuka mji wa Southport, Julai 2024, ghasia zilipotokea wafanya fujo wakavunja ukuta wa msikiti. Kesho yake asubuhi watu wa mji, wengi wao siyo Waislamu, walikuja na matofali na saruji wakaujenga upya bila malipo. Nilikaa nikaangalia picha zile nikalia. Ukuta wetu sisi nani angekuja kuujenga, nilijiuliza, na Jumamosi iliyofuata tukaanza kugonga milango.

Kilichobaki ni funguo. Ziwe na watu watatu wanaokaa umbali wa kutembea, siyo wa kuendesha, kwasababu Alfajiri ya Januari barabara ina barafu. Majina yao yasibandikwe nje, zibandikwe zamu tu na namba moja ya simu, na ufunguo wa nne awe nao dada mmoja wa upande wa wanawake.